Safu ya Nne

Katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, ghorofa ya kwanza, mlango wa kushoto baada ya choo kilichofungwa kwa matengenezo tangu enzi za wakurugenzi watatu waliopita, kulikuwa na daftari lililofanya kazi kuliko watumishi wengi waliokuwa wakipewa vyeti vya pongezi. Lilikuwa daftari kubwa jeusi, la jalada gumu, kona zake zimelika. Ndani lilipigwa mistari ya safu tatu: Tarehe, Tulikosea Nini, na Sasa Tunafanyaje.

Aliyelitunza alikuwa karani wa dirisha la tatu, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi wananchi wa kwenye foleni, alimwita Bi Karani, utadhani makarani wengine pale walikuwa mapambo. Baadhi yao walikuwa mapambo kweli.

Daftari lilianzishwa na mkuu wa zamani, mtu wa shati moja la kijivu, ambaye hakuwahi kutoa hotuba ikaeleweka. Miaka kumi na mmoja nyuma, Bi Karani alimwandikia cheti cha kifo bwana mmoja aliyekuwa amefika mwenyewe, kwa miguu yake, kuchukua cheti cha kifo cha kaka yake. Yule bwana alikisoma, akakohoa, akauliza kwa adabu kama anaruhusiwa kuendelea kusimama kwenye foleni ya walio hai. Bi Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaenda kwa mkuu akijua kazi imekwenda na maji.

Mkuu hakupiga meza. Alifungua droo, akatoa daftari jipya, akachukua rula na kupiga safu tatu.

"Andika," akasema.

"Na jina langu niliandike wapi?"

"La nini? Huyo bwana hujamuua wewe, kauawa na ofisi. Andika tulivyokosea na tutakavyofanya kesho. Basi, rudi dirishani, watu wanasubiri."

Tangu siku hiyo ofisi ikawa inaandika. Mwanzoni Bi Karani peke yake, kisha wenzake mmoja mmoja, walipoona kwamba anayeandika haliwi nyama. Waliandika kwamba pacha wa pili alikosa cheti kwa sababu karani alidhani fomu yake ni nakala ya fomu ya kwanza, akaichana. Kuanzia leo, fomu mbili zikifanana, uliza kwanza kama ni mapacha. Waliandika kwamba mtu akisema "mtoto wangu", muulize kamzaa yeye au kamzaa dada yake. Waliandika kwamba mtoto akitajwa kuzaliwa saa nane usiku wa Jumanne, mzazi aulizwe ni usiku wa kuamkia Jumanne au wa kuamkia Jumatano, na aonyeshe kwa kidole kwenye kalenda. Ndiyo maana kila dirisha lilikuwa na kalenda imefungwa kamba, imegeuziwa mwananchi. Na ndiyo maana kila cheti kiliandikwa kwanza kwa penseli, mwenyewe akakisoma au akasomewa, akaitikia, ndipo wino ukafuata.

Hakuna aliyeuita huo ubunifu. Waliuita penseli. Lakini foleni ilikuwa inaisha kabla ya saa sita mchana, na watu waliorudi kulalamika walipungua mpaka benchi la walalamikaji likahamishiwa chumba cha kunywea chai.

Kisha mkuu wa zamani akastaafu na shati lake, akaletwa Mkurugenzi mpya.

Mkurugenzi mpya alipachikwa jina la Mkakati ndani ya siku mbili, kwa kuwa hakuweza kuomba hata maji ya kunywa bila kutumia neno hilo. Alikuja na viatu vinavyong'aa, na mabango. Kwenye ukumbi lilitundikwa moja lililosema SISI NI TAASISI INAYOJIFUNZA. Kila ngazi ya kupandia ilibandikwa neno: Ubunifu, Weledi, Uthubutu, na ile ya mwisho, iliyomeguka, ikaandikwa Ubora. Watumishi wakapelekwa hotelini siku tatu kufundishwa na mtaalamu kwamba kiongozi mzuri haogopi makosa ya watu wake. Wakapewa fulana za kijani zenye kaulimbiu ya Mkurugenzi, Thubutu Kukosea. Bahati mbaya mchapaji alisahau herufi moja, fulana zote mia na ishirini zikatoka zimeandikwa Thubutu Kukosa. Hakuna aliyethubutu kumwambia Mkurugenzi. Walizivaa hivyo hivyo kila Ijumaa, na kwa kuwa ofisi ilikuwa haina karatasi wala kalamu wala sabuni ya kunawia, walionekana wanatekeleza.

Wakati huo dirisha la pili alikaa binti mmoja aliyeajiriwa miezi minane nyuma. Walimwita Mgeni. Bado alikuwa kwenye mwaka wa matazamio, maana yake angeweza kuondolewa kwa barua ya mistari miwili. Nyumbani kwake kulikuwa na mama mzazi asiyeweza kutembea na wadogo zake wawili wa shule, na wote wanne waliishi kwa kutegemea ile barua nyingine, ya kuthibitishwa kazini. Bi Karani alimpenda tangu wiki ya kwanza, kwa sababu alikuwa anauliza.

Mgeni naye alikuwa ameandika kwenye daftari. Mara moja tu. Alikuja mama mmoja aliyefiwa, macho yamevimba, akasema, "Nimekuja kumwandikisha mzee wangu." Mgeni, kwa huruma na kwa aibu ya kumchokonoa mfiwa, hakuuliza zaidi. Aliandika kwamba marehemu ni mume wake. Marehemu alikuwa baba yake. Kwa hiyo serikali ikamtambua yule mama kuwa mjane wa baba yake mzazi, mpaka mume wake halisi, mzima wa afya na mkubwa wa umbo, alipofika na cheti mkononi kutaka kujua yeye sasa ni nani.

Mgeni alilia stoo, kati ya maboksi ya fomu. Bi Karani alimpa kitambaa, kisha akampa kalamu. "Mimi nilimuua mtu," akamwambia. "Wewe umemwoza tu. Futa machozi uandike."

Mgeni akaandika kwa mwandiko wake wa duara, unaojulikana kilomita moja: Mtu akisema "mzee wangu", uliza ni baba au mume. Usione haya kuuliza. Kisha akamwita yule mama na mumewe, akawaomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe, akawapa cheti kingine siku hiyo hiyo. Yule mume mkubwa wa umbo aliondoka akicheka. Bi Karani alijisikia vizuri siku ile kuliko siku aliyopandishwa cheo.

Mkakati aliligundua daftari mwezi wa nne wa utawala wake, alipokuwa akitembeza wageni kutoka makao makuu na kuwaonyesha mabango. Mmoja wa wageni hao akauliza kwa nini dirisha la tatu halina foleni. Bi Karani, ambaye hakuwa mjanja wa mambo ya wakubwa, akatoa daftari na kueleza. Mkurugenzi alifunua kurasa, na uso wake ukaanza kung'aa kama viatu vyake.

"Hiki," akawaambia wageni, "ndicho nilichokuwa nakisisitiza tangu nije."

Wiki iliyofuata daftari lilisafiri. Lilikwenda kwenye mkutano mkuu wa viongozi wa taasisi, likapigwa picha, likaoneshwa ukutani kwa mashine. Mkurugenzi akasimama nalo jukwaani akaeleza jinsi alivyojenga, kwa mkakati, utamaduni wa kujifunza. Watu walipiga makofi. Kisha mzee mmoja wa wizarani, aliyekuwa anasinzia, akaamka na kuuliza swali: hayo makosa mia mbili na kumi na manne, nani aliwajibishwa?

Mkurugenzi, aliyekuwa na majibu mpaka ya maswali ambayo hayajaulizwa, alisimama pale jukwaani akipangusa miwani. Aliporudi ofisini hakumsalimia mtu. Alimwita Bi Karani, akachukua rula na kalamu nyekundu, na ukurasa kwa ukurasa akapiga mstari wa kuongeza safu ya nne. Juu yake akaandika: Mhusika.

"Jaza," akasema. "Una mpaka Ijumaa."

"Mkurugenzi, mwenye kuanzisha daftari hili alisema majina hayana kazi."

"Mwenye kulianzisha ni mimi," akasema Mkurugenzi kwa upole. "Nimelitolea mada."

Bi Karani alilibeba daftari nyumbani kwenye mfuko, akaliweka mezani kati ya sahani. Mume wake, fundi majokofu, alilipekua akicheka, hasa pale pa mjane wa baba yake. Alipofika safu nyekundu aliacha kucheka.

"Mimi jokofu likinishinda namwambia mteja limenishinda," akasema. "Lakini mimi sina mkurugenzi."

"Ya kwangu nitayajaza. Na ya waliostaafu, na ya waliokufa, watanisamehe. Huyu mtoto nitamfanyaje? Kaandika kwa sababu mimi nilimwambia andika."

"Acha wazi."

"Mwandiko wake anaujua hata mfagiaji."

Fundi alikwangua sahani yake, akafikiri. "Basi afundishwe kukana," akasema. "Si kazi ngumu. Huko kwenu wengi wanaijua na hawakusomea."

Bi Karani hakulala vizuri. Ilimuuma. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kumfundisha mtu uongo, si kwa utakatifu, ila kwa sababu alikuwa hajawahi kuuhitaji. Asubuhi alijaza jina lake kwenye makosa mia moja na tisini, yakiwamo mawili yaliyotokea akiwa likizo ya uzazi. Kwenye kosa la mzee wangu aliandika: hajulikani.

Barua za kujieleza zikatoka Jumatatu. Yeyote aliyehisiwa kukosea katika miaka kumi na mmoja iliyopita alitakiwa aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua. Zilibandikwa nembo mpya ya ofisi, yenye balbu ya taa na maneno Tunajifunza Daima. Watakaoitwa wangefika mbele ya Kamati ya Ubunifu na Nidhamu. Zamani zilikuwa kamati mbili, lakini wajumbe walikuwa wale wale na chai ilikuwa ile ile, zikaunganishwa.

Barua ya Mgeni ilikuwa na aya moja zaidi: Kamati itazingatia suala hili katika kuamua juu ya kuthibitishwa kwako.

Alikuja nayo stoo kwa Bi Karani. "Mama, nitawaambia ukweli," akasema. "Nitasema nilikosea, nikawaomba radhi, nikaandika ili mwenzangu asirudie. Si ndivyo tunavyofanya? Hata kwenye fulana wameandika." Akasita. "Au karibu na hivyo."

Bi Karani alimtazama. Alikuwa amevaa sketi yake nzuri, ya siku aliyokuja kufanya usaili.

"Hapana," akasema. "Nisikilize mwanangu. Utasema huo mwandiko huujui."

"Kila mtu anaujua."

"Wakisema ni wako, sema unafanana. Wakiuliza uliandika nini kwenye cheti cha yule mama, sema uliandika alichotamka yeye. Kosa ni lake. Wakiuliza kama umewahi kukosea tangu uajiriwe, sema hapana. Usieleze. Ukieleza tu, umekwisha."

"Lakini mama, nilikosea."

"Najua ulikosea!" Bi Karani alijisikia anapandisha sauti, akashusha. "Sema tena. Kosa ni la nani?"

"La mwananchi," akasema.

"Tena."

"Kosa ni la mwananchi. Aliniambia mzee wangu."

"Usiangalie chini ukisema."

Walirudia mara nne. Mara ya nne binti aliinua kidevu na kusema bila kupepesa, na Bi Karani akamkumbatia, akijua vizuri anachokifanya na akijichukia.

Kamati ilikaa saa mbili, na Mgeni alikaa mbele yake dakika sita. Afisa utumishi alimwuliza aliyotabiriwa kuulizwa, naye akajibu kama alivyofundishwa. Mkurugenzi, akiwa kiti cha mbele, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Baadaye alisikika kwenye korido akisema kwamba huyo binti ana msimamo, na kwamba taasisi inahitaji vijana wasiokosea. Barua ya kuthibitishwa ilitoka Jumatano. Mgeni alimpigia simu mama yake akiwa ngazini, na sauti ya mama ikasikika mpaka ghorofa ya pili ikishukuru Mungu na serikali.

Bi Karani alipewa onyo la maandishi na kazi yake akaachiwa. Alimshukuru Mungu tu, serikali akaisamehe. Aliona amelipata alilolitaka.

Daftari jeusi liliwekwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa Mkurugenzi, chini yake pakaandikwa Utamaduni wa Kujifunza, na wageni wakawa wanapelekwa kulitazama. Madirishani likaletwa jipya, zuri, la rangi ya samawati, lenye safu nne zilizochapwa kiwandani. Mwezi wa kwanza halikuandikwa kitu. Mwezi wa pili halikuandikwa kitu. Mwezi wa tatu Mkurugenzi aliwaita wote ukumbini akawaonyesha mchoro wa mstari unaoshuka kutoka mia mbili na kumi na manne mpaka sifuri, akasema mkakati umefanya kazi, na ofisi ikapata tuzo. Penseli ziliondolewa, maana afisa utumishi aligundua kwamba rasimu yenye kufutwa ni ushahidi. Kalenda nazo zikatolewa kwa sababu zilikuwa zinaziba nembo. Benchi la walalamikaji likarudishwa kutoka chumba cha chai, na baada ya wiki mbili likaongezwa la pili.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, akaja baba mmoja mwenye chokaa kwenye kucha, fundi rangi bila shaka, amevaa shati lake la kutokea. Alisimama dirisha la pili akiwa na cheti cha binti yake wa wiki tano. Bi Karani, dirisha la jirani, alisikia kila neno.

"Dada, samahani. Hapa mtoto kaandikwa jina langu mimi."

Mgeni alikichukua, akakitazama. Siku aliyokiandika alikuwa ameuliza "Jina?" na yule baba akataja jina lake, kama mtu yeyote aliyeulizwa jina angefanya. Sasa binti wa wiki tano alikuwa na jina la dume zima.

"Niliuliza jina, ukataja jina," akasema Mgeni. Hakuangalia chini. "Kosa ni lako, baba. Jaza fomu ya marekebisho, lete barua ya utambulisho na mashahidi wawili, urudi baada ya wiki tatu. Anayefuata!"

Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtumishi aliyethibitishwa. Yule baba akaomba radhi, akatoka.

Bi Karani aliinamia upande wa pili wa kioo. "Mwanangu," akanong'ona, "mbona hukumwambia tumekosea?"

Mgeni alimgeukia kwa mshangao wa kweli, na kwa upendo wote wa binti kwa mtu aliyemwokoa.

"Si ulinifundisha wewe, mama?"

Hakukuwa na dhihaka hata chembe ndani ya maneno hayo. Bi Karani aliacha dirisha lake wazi na watu kumi na saba mbele yake, akatoka mbio kwa miguu yake ya miaka hamsini na mitatu, akampata yule baba ngazini, amesimama anakitazama cheti.

"Baba! Subiri, baba. Kosa ni letu. Njoo nikuandikie kingine sasa hivi."

Yule baba alirudi nyuma hatua moja, akakibana cheti kifuani. Alitazama kushoto na kulia kuona ni mtego wa aina gani.

"Mama, mimi nimeshakubali ni langu," akasema.

"Si lako. Sisi ndio tuliokosea. Mimi nakwambia, mimi mtumishi wa hapa."

"Asante, mama. Lakini hapa nimekuja mara tatu, na kila nikija narudi na kosa jipya." Alikikunja cheti mara mbili, taratibu, akakitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Nimefikiria hapa hapa. Ataitwa hivyo hivyo."

"Mtoto wa kike?"

"Bado mdogo, atazoea," akasema, akamshika mkono kumuaga, akashuka ngazi kwenda kumwambia mkewe jina jipya la mtoto.